Kozi ya Kupandia Udaktari

Kustaafu ukiwa na miaka thelathini na moja kunahitaji maelezo, kwa hiyo nitayatoa mapema. Kwa miaka tisa nilijaza maombi ya vyuo katika steshenari moja hapa Korogwe, hatua chache kutoka stendi. Kazi hiyo imekwisha. Sikufukuzwa, kazi yenyewe ndiyo iliyoondoka, ikahamia kwenye simu zenu. Sasa mnajaza wenyewe mkiwa mmelala kitandani, na mkikosea mnakosea kwa mikono yenu.

Ninaowaandikia ni nyinyi mliosoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, mkataka udaktari, halafu matokeo yakatoka na herufi moja haikukaa inavyotakiwa. Mmeanza kusikia kwamba ipo njia nyingine: usome kwanza shahada ya sayansi, uimalize vizuri, kisha uombe udaktari ukiwa na shahada mkononi. Ni kweli njia hiyo ipo. Niliifanyia kazi miaka yote hiyo. Nina machache ninayoyajua juu yake, na lipo moja ninaloona aibu kulisema. Nitayachanganya, maana hata kichwani yamechanganyika.

Mjue kwanza kwamba sikusoma sayansi. Nilisoma Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kompyuta nilijifunza kwa kuangalia, na mambo ya kozi nilijifunza kwa kusoma kile kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotoka kila mwaka, ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni. Neno nisilolijua nililiandika kwenye daftari kubwa la kaunta. Fiziolojia. Biokemia. Histolojia, ambayo mwanzoni nilidhani ni historia iliyokosewa kuchapwa, nikataka kuirekebisha.

Hilo la kutaka kurekebisha ndio ugonjwa wangu. Siwezi kuona kosa nikaliacha. Nikifunga duka nilikuwa nafika stendi, nageuka, narudi kuangalia kama nimefunga. Nikituma fomu ya mtu nilikuwa naifungua tena mara tatu kuhakikisha imetumwa. Watu waliliona hilo wakaniamini zaidi. Waliniita Dada Fomu. Mwanafunzi akitoka Magoma au Hale akiuliza pa kujazia, anaambiwa nenda kwa Dada Fomu, yule hakosei.

Mwaka wangu wa kwanza nilikosea. Alikuja msichana ambaye cheti chake cha kidato cha nne kiliandikwa Mwanaid. Bila i mwishoni. Nikaona hii haiwezekani, jina ni Mwanaidi, mchapaji alikuwa amechoka siku hiyo. Nikaandika Mwanaidi. Mfumo ukamkataa, kwa sababu jina la kwenye fomu halikulingana na jina la kwenye cheti. Ilituchukua wiki mbili kulirudisha kosa mahali pake.

Mwenye duka alikuwa Mama Elia, ambaye kabla ya kufungua steshenari alichapa barua kwa taipureta katika ofisi ya shamba la mkonge. Mpaka leo anachapa kwa vidole viwili, na anachapa kwa nguvu, kana kwamba kibodi ni kiziwi. Aliposikia habari za Mwanaid hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, jina la mtu si lako. Hata likiwa baya."

Kisha akanipa sheria yake ya taipureta: kabla ya kutuma, soma kila kitu kwa sauti mbele ya mwenyewe. Wakati wa taipureta ukikosea unachapa ukurasa mzima upya, kwa hiyo walikuwa wanamsomea mwenye barua kwanza. Sheria hiyo niliifuata, na ilikuwa na shida yake, kwa sababu duka lilikuwa dogo na watu wanasubiri kopi.

"Fizikia, E," nilikuwa nasoma.

"Dada, taratibu basi."

"Kemia, D."

"Dada, yule pale ni shemeji yangu."

Lakini makosa yalipungua. Mtu akisomewa anasikia kitu ambacho macho yake yalikipita. Nanyi mfanye hivyo na simu zenu. Jisomeeni kwa sauti, hata mkichekwa.

Sasa turudi kwenye kozi. Nilikuwa naziita kozi za kupandia. Neno hilo nililitunga mimi na likasambaa. Nimewahi kulisikia Mombo, likisemwa na mtu asiyenijua. Maana yake ni shahada unayoisoma ili baadaye uombe udaktari. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeziorodhesha zote, na mbele ya kila moja nimeandika ina masomo gani mwaka wa kwanza, inachukua miaka mingapi, na vyuo vipi vya udaktari vinaitambua.

Kosa kubwa la wateja wangu lilikuwa kuchagua kwa jina. Kozi ikiwa na neno afya au tiba ndani yake, waliamini inaelekea hospitali. Yupo aliyesoma afya ya mazingira miaka yote akidhani anaelekea udaktari, na kumbe alikuwa anaelekea kukagua vyoo na machinjio. Ni kazi nzuri na inatusaidia sote, ila siyo aliyoitaka. Msisome jina. Someni orodha ya masomo. Kama hakuna fiziolojia wala biokemia wala anatomia hata kidogo, jiulizeni mara mbili.

La pili: anzieni mwisho. Usiulize kozi hii inapeleka wapi. Kiulize chuo cha udaktari unachokitaka, je, mnapokea wenye shahada, na shahada zipi, na kwa GPA gani? Kila chuo kina masharti yake, na mwaka unaofuata yanaweza kubadilika. Vipo visivyotaka kabisa. Wapo pia wanaokuuliza tena matokeo yako ya kidato cha nne, ukashangaa kumbe Hisabati ya zamani bado inakusubiri. Na mkopo wa serikali uulizieni mapema, kwamba kwa shahada ya pili mtaupata au hampati. Sisi tulikuwa hatuulizi. Tulikuwa tunasema tutafika huko.

La tatu linakwenda kinyume na akili. Kozi inayofanana sana na udaktari inaweza kuwa mbaya kwako, kwa sababu ni ngumu, utatoka na GPA ndogo, na GPA ndogo hufunga mlango kuliko jina la kozi. Nililifahamu hili kwa Godfrey.

Godfrey ni kijana wa Mombo aliyekuja dukani na shahada ya biokemia ndani ya mfuko wa plastiki, akitaka nimjazie maombi ya udaktari. Kozi yake haikuwa ya wodini, na GPA yake ilikuwa ya juu sana. Nilimjazia, akachaguliwa. Alikuwa wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu akipanda, na siku hiyo nililizungushia jina la biokemia duara kwenye daftari, kisha nikaongeza duara kwa mikrobiolojia, kwa kuwa masomo yalifanana.

Nilimuuliza siri yake. Akasema, "Dada, mimi sikuisoma ili nipande. Niliipenda tu. Udaktari ulinijia mwaka wa mwisho."

Nililiandika jina lake na GPA yake. Maneno yake sikuyaandika. Hayakuwa na safu kwenye jedwali langu.

Baada ya Godfrey, kila aliyekuja na E ya Fizikia nilimpeleka kwenye duara. Stashahada ya utabibu, ambayo imewapeleka wengi kwenye udaktari kwa njia ya wazi kabisa, nilikuwa naitaja haraka haraka kwa sababu ni stashahada, na mimi niliona mtu wa kidato cha sita hashuki. Nani aliniambia hashuki? Hakuna. Niliona hivyo mwenyewe, na nikawauzia watu.

Hapo ndipo alipoingia Nasra.

Nasra alitoka Handeni, kijiji cha nje kidogo ya mji. Alikuwa na C ya Baiolojia, C ya Kemia, na ile E. Alikuja na baba yake, mzee Mhando, mkulima wa mahindi na machungwa, mtu mrefu ambaye alivua kofia kuingia dukani kama anaingia msikitini. Alibeba mfuko wa rambo umejaa karatasi, akaumwaga juu ya kaunta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, mwalimu wao ameniambia mtoto huyu akarisiti. Nimekuja nazo zote. Toka kidato cha kwanza, hakuna hata moja iliyopotea."

Zilikuwa risiti za ada. Mwalimu alikuwa amesema kurisiti, yaani kurudia mtihani, lile neno lenu. Mzee alikuwa ametoka nazo Handeni, amezipanga kwa miaka, akidhani serikali inataka uthibitisho kwamba amelipa ndipo impe binti yake udaktari.

Nasra alifunika uso. "Baba, nilikwambia siyo hizo."

"Ulisema risiti."

"Nilisema kurisiti."

"Sasa kuna tofauti gani?"

Mama Elia alizikusanya risiti moja moja, akazibana kwa pini, akamrudishia. "Zihifadhi, mzee. Siku moja watazitaka." Hakuna aliyecheka mpaka alipotoka kwenda kununua maji.

Nilimweleza mzee habari za kupandia. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: mwisho wake ni daktari? Nikasema ndiyo. Nilipaswa kusema inawezekana. Nilisema ndiyo.

Nasra ndiye aliyekuwa na maswali. Alikuwa msichana wa maneno machache, anayekunja kunja pembe ya karatasi akifikiri.

"Dada, uuguzi nao si unapanda?"

"Unapanda, lakini ni miaka minne, na wodini utachoka, GPA itashuka. Mikrobiolojia ni miaka mitatu, maabara, utulivu."

"Mimi nauliza tu."

"Nesi?" mzee Mhando akadakia. "Nimesomesha daktari, sikusomesha nesi."

Tukaziombea zote mbili, mikrobiolojia chuo kimoja na uuguzi chuo kingine. Nasra akasema atafikiri, wakichagua ndiyo atajua.

Kwenye kisanduku cha namba ya simu nikaandika yangu.

Hapa ndipo ninapowaomba msome polepole. Nasra hakuwa na simu, na ya baba yake ilikuwa ya kupeleka kuchaji dukani kwa siku mbili tatu. Ningeandika namba ile, ujumbe ungepotea. Nikaandika yangu, kama nilivyofanya kwa wengine wengi, na barua pepe niliyoifungua mwenyewe, neno la siri nikalijua mwenyewe. Niliona huo ni umakini. Hakuna aliyeniuliza, na wengi walinishukuru.

Majina yalipotoka, Nasra alikuwa amechaguliwa vyuo vyote viwili. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, mfumo unatuma namba ya siri kwenye simu, unaiingiza kuthibitisha chuo unachokwenda, na kile kingine unakiacha. Zipo siku za kufanya hivyo. Zikipita, unaweza kukosa vyote. Ujumbe ulikuja kwangu. Nilipiga simu ya mzee Mhando. Haipatikani. Nilipiga kesho yake. Haipatikani. Siku ya tatu nilimpata mtu wa dukani inakochajiwa, akasema mzee na familia wako shambani, mahindi yanavunwa, atawaambia akiwaona. Siku ya mwisho ikafika, bado kimya.

Kuanzia saa nane mchana nilikaa na ile namba ya siri mbele yangu. Wateja waliingia nikawaambia wasubiri. Niliwaza nikiacha, binti anakosa vyote na jina langu linaharibika. Hivi ndivyo nilivyowaza, kwa mpangilio huo huo, yeye kwanza halafu mimi, ingawa sina hakika kama ndio ulikuwa mpangilio wa kweli. Saa kumi na moja nikafungua daftari, nikaangalia duara langu, nikathibitisha mikrobiolojia. Uuguzi ukaondoka kwenye skrini.

Kesho yake asubuhi wakatangaza wameongeza wiki moja.

Saa nne Nasra akaingia dukani. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, mabua ya mahindi bado kwenye kitenge. Yule mtu wa dukani alikuwa amemfikishia ujumbe wangu usiku wa jana, naye amepanda gari la kwanza.

"Shikamoo Mama Elia. Dada, mambo? Nimesikia wameongeza siku. Nimeshaamua, nataka—"

"Imeshathibitishwa," nikamkatisha. "Mikrobiolojia."

"Nani kathibitisha?"

"Mfumo. Mfumo umechagua wenyewe."

Mnalijua neno hilo. Mfumo uko chini, mfumo umekataa, mfumo unasumbua leo, rudi kesho. Kila ofisi wanalitumia, na hakuna anayebishana nalo, kwa sababu huwezi kumshika mfumo shati. Nasra alisimama akiwa ameshika ukingo wa kaunta.

"Mfumo unajuaje kitu ninachotaka?"

"Ndivyo ulivyo."

"Haya," akasema. Akakaa kidogo kwenye benchi, akanywa maji aliyopewa na Mama Elia, akaondoka kuwahi gari.

Mama Elia alikuwa anapitisha vyeti vya watu kwenye mashine ya laminesheni. Hakunitazama.

"Uliisoma kwa sauti?" akauliza.

"Ningemsomea nani? Hakukuwa na mtu."

"Basi," akasema, akaendelea na vyeti vyake.

Nilikaa siku mbili. Sitawaelezea siku hizo, zilikuwa ndefu na hakuna kilichotokea. Nilihesabu kwamba uthibitisho unaweza kubatilishwa mpaka siku za nyongeza ziishe, na kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Nasra atakwenda kusoma vijidudu miaka mitatu na atamlaumu mfumo, na Dada Fomu atabaki hakosei. Hesabu ilikuwa sahihi kila upande. Siku ya tatu nikapanda gari la Handeni.

Niliwakuta uani wanapukuchua mahindi: Nasra, mama yake, na mzee Mhando, kila mmoja na kigoda chake. Niliamkia, nikapewa kigoda na magunzi yakasogezwa pembeni nipate pa kuweka miguu. Kwao huwezi kukaa mikono mitupu, kwa hiyo nikachukua hindi na kuanza kupukuchua, vibaya.

"Mwanangu, umekuja na risiti?" mzee akaniuliza. Kumbe alishaufahamu utani wenyewe.

Nikaliweka hindi langu chini.

"Nasra, mfumo haukuchagua," nikasema. "Niliyechagua ni mimi. Namba ya simu kwenye fomu yako ni yangu. Niliwatafuta siku tatu sikuwapata, nikaogopa, nikathibitisha nilichoona mimi kinafaa. Halafu nikakudanganya."

Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo, halafu yakaacha.

Nasra alinitazama. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima akakikuta mfukoni.

"Kumbe mfumo ni wewe."

Mama yake akasema kitu kwa Kizigua na mzee akaanza kucheka, kicheko kirefu cha kupiga paja. "Basi, mfumo, karibu ugali," akasema. "Siku zote nasikia mfumo, mfumo, leo umekuja na gauni."

Hawakunifukuza. Ningependa kuwaambia kwamba waliniogopesha au walinisamehe kwa maneno mazito, lakini tulikula ugali na mlenda. Baada ya kula nikawaeleza kwamba bado zimebaki siku, inaweza kubatilishwa, na chuo cha uuguzi bado kina nafasi yake.

Mzee Mhando akaacha kucheka. "Ipi inaleta udaktari upesi?"

Nilikuwa nimejibu swali hilo mara mia. Nilikuwa na jibu, lina duara.

"Sijui, mzee."

"Hujui? Si una daftari?"

"Najua masharti ya vyuo. Lakini kama atapata GPA, kama chuo kitabadilisha masharti, kama mkopo utakuwepo, hayo siyajui. Nilikwambia mwisho wake ni daktari. Nilipaswa kukwambia inawezekana."

Akamgeukia binti yake. Nasra alikuwa amerudi kwenye mahindi. Aliongea akiwa ameinamisha kichwa.

"Baba, nikisoma vijidudu, halafu huo mlango usifunguke, nitarudi hapa na cheti, nikae. Sivipendi hivyo vijidudu. Nikisoma uuguzi, usipofunguka, nina kazi. Ninaweza hata kufanya kazi hapa zahanati."

"Na ukifunguka?"

"Nitaingia nikiwa naijua wodi."

Mzee alipukuchua hindi zima kabla ya kujibu. Alilimaliza mpaka punje ya mwisho, akalitupa gunzi.

"Watu wataniuliza daktari yuko wapi."

"Waambie yuko njiani."

"Njia yenyewe ndefu."

"Si ndio."

Akamtazama mkewe. Mkewe akainua mabega. "Wewe ungetaka kutibiwa na mtu asiyeipenda kazi yake?" akamuuliza. Mzee akachukua hindi jingine, na kwa nyumba ile, baadaye nilielewa, hilo ndilo lilikuwa jibu.

Hilo swali la Nasra, kwamba mlango usipofunguka nitakuwa nani, ndilo ninalowaachia nyinyi. Miaka yote ile kwenye jedwali langu sikuwahi kuweka safu yake. Nilipanga kozi kwa jinsi zinavyopandika, sikupanga kwa jinsi zinavyokalika. Na wengi wenu mtakaa. Mtamaliza shahada ya kwanza, mtapata kazi au mchumba au uchovu, mtakaa hapo hapo. Kwa hiyo chagueni kozi ambayo mkikaa hamtajiona mmekwama. Godfrey aliniambia hilo hilo, nikaandika GPA.

Msiniulize kama Nasra amekuwa daktari. Yuko mwaka wa tatu wa uuguzi. Juzi aliniandikia kwamba hana hakika tena kama anautaka huo udaktari, na kwamba hilo halimsumbui. Mimi lilinisumbua siku mbili.

Niliporudi dukani nilipitia fomu zote zilizokuwa na namba yangu. Walikuwa kumi na saba. Nilimpigia kila mmoja, au jirani yake, au mwalimu wake, mpaka nikabadilisha namba zote na maneno ya siri yote nikawakabidhi wenyewe. Wengine waliudhika. "Dada, mimi nitayapoteza, kaa nayo tu." Nilikataa. Nilibaki kazini msimu mmoja zaidi, na katika msimu huo nilisema "sijui" mara nyingi kuliko miaka minane iliyotangulia, na wateja walipungua. Kisha simu zikawamaliza waliobaki. Sasa nalima mpunga Magoma na mama yangu. Bado narudi nyuma kuangalia kama nimefunga mlango.

Lakini siku ile Handeni ilikuwa haijaisha. Ilibidi kubatilisha na kuthibitisha upya, na tulihitaji mtandao, kwa hiyo mimi na Nasra tukatembea mpaka karibu na barabara ambako unashika vizuri. Tukakaa juu ya gogo. Nikafungua mfumo kwenye simu yangu, nikabatilisha nilichokifanya, nikaomba namba mpya. Namba ya simu ilikuwa bado yangu. Ujumbe ukaingia, nikaanza kuusoma kwa sauti kama nilivyozoea.

"Usisome, dada," Nasra akasema. "Nipe simu."

Nilikuwa sijawahi kumpa mteja simu yangu. Nikampa.

Alichapa kwa kidole kimoja, akikitazama kila kitufe kabla ya kukigusa. Tarakimu ya nne aliikosea, nikaona, akatuma, ikakataa. Akaanza upya. Mara ya pili akaruka moja katikati. Nilijua ni ipi. Nikaiweka mikono yangu chini ya mapaja, nikaikalia, nikatazama upande wa barabara mpaka akamaliza.